Mgeni Ni Mmoja

Siku ya tatu baada ya kustaafu, Mama Pasi alikata shauri kwenda kukaa siku tano katika mji wa mvinyo, na ulimwengu mzima ukapata la kusema.

Ulimwengu mzima, kwa maana ya watu wawili: binti yake, mwalimu wa shule ya msingi aliyezoea kusahihisha hata yasiyomhusu, na fundi cherehani wa nyumba ya pili, shoga yake wa siku nyingi, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa breki.

"Pombe hunywi," fundi alimwambia. "Hata dawa ya kikohozi unainusa kwanza. Mji wa mvinyo unaufuatia nini?"

"Nakwenda kumwona adui yangu kwao."

Adui mwenyewe alikuwa doa. Miaka ishirini na saba Mama Pasi alisimama katika chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa, chini kabisa ya jengo, ambako dirishani huoni uso wa mtu, unaona viatu vyake tu. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi, na jina likamganda. Lakini pasi haipiti juu ya doa, na katika jengo lile zima hakuna aliyemfikia kwa madoa. Mafuta hayana ubishi, yakiona sabuni huondoka. Chai hubembelezwa. Mvinyo mwekundu ndio mkaidi: ukiukimbilia na maji ya moto umeukaribisha nyumbani, hautoki tena. Unataka maji baridi, chumvi na subira. Kila Jumatatu vitambaa vya meza vilishuka kutoka ukumbini vikiwa vimechafuliwa na raha za watu wengine, naye akazitoa raha hizo moja moja kwa vidole. Ladha ya mvinyo hakuijua. Alijua jinsi unavyong'ang'ania tu.

Ukutani, juu ya meza yake ya pasi, wauza mvinyo walileta kalenda kila mwaka. Miezi ilibadilika, picha ni zilezile: vilima vyenye mizabibu iliyopandwa kwa mistari iliyonyooka kama mshono, na nyumba ndogo yenye baraza. Barazani hapakuwa na mtu. Mama Pasi aliitazama baraza ile kwa miaka, akawa anajiuliza ni nani mjinga huyo mwenye baraza asiyekaa.

Basi binti akamwekea kwenye simu programu ya kutafuta nyumba za kukodi za wageni. Akaunti alimfungulia yeye mwenyewe, neno la siri akalibuni yeye mwenyewe, na Mama Pasi akashukuru. Kosa lilianzia hapo, ila siku hiyo lilikuwa na sura ya msaada.

Wenzake wakitafuta nyumba hutazama bwawa na mandhari. Yeye alitazama vitanda.

"Mama, ona bwawa hili!"

"Bwawani silali."

Nyumba ya kwanza ilikuwa na vyumba vitatu na maneno matamu kama asali. Mama Pasi akaikuza picha kwa vidole viwili. Kwenye shuka la chumba cha kwanza, pembeni, palikuwa na alama ndogo ya kuungua, umbo la ncha ya pasi. Chumba cha pili, alama ileile. Cha tatu, ileile. Akamwandikia mwenye nyumba: "Vyumba vyako vitatu, shuka lako moja. Wageni tutalala kwa zamu?" Kesho yake picha zote zilikuwa zimeondolewa. Fundi alicheka mpaka akazitema pini alizokuwa amezibana midomoni.

Nyumba aliyoichagua ilikuwa na picha mbaya, moja imeingiliwa na kidole cha mpigaji. Lakini kona za mashuka zilikuwa zimekunjwa na kubanwa barabara, na kitambaa kilionekana wazi kuwa kilikaushwa juani, si kwenye mashine. Huyu anajua kazi, Mama Pasi akasema moyoni. Penye wageni akaandika mmoja. Mwenye nyumba, mama mjane mwenye mizabibu yake nyuma ya nyumba, akampigia.

"Peke yako, dada?"

"Peke yangu."

"Nikutembeze mjini ukifika?"

"Niache barazani, nitakuwa nimefika."

Mjane akacheka, akasema kiti kipo.

Tangu hapo Mama Pasi akawa anapanga mambo ambayo hatayafanya. Hatapika. Hatafua. Hataamka kabla ya jua. Akamwomba fundi amshonee gauni, tena jeupe.

"Jeupe? Kwenye mvinyo? Wewe?"

"Jeupe pe."

Siku tisa kabla ya safari, asubuhi ya Jumamosi, alikuwa kwa fundi analijaribu gauni hilo, upindo wote umejaa pini, mjane akapiga tena.

"Samahani, dada. Mtoto mdogo atalala na bibi yake, au nimtafutie kitanda?"

"Mtoto gani?"

"Si mmekuwa sita? Nimeona idadi imebadilishwa. Na binti yako ameniandikia anauliza kama sufuria kubwa zipo, maana mama ndiye atakayepika."

Sita. Mama Pasi akahesabu: yeye, binti, mkwe, wajukuu watatu. Damu ikampanda kichwani. Akamwambia mjane asihangaike na kitanda, atamjulisha leo hii. Kisha akatoka vilevile na pini zake, fundi akimfuata mlangoni, "Gauni langu! Utajichoma!" Akatia pamba masikioni, akakata mitaa mitatu kwa miguu mpaka kwa binti.

Binti alikuwa mezani, rundo la madaftari mbele yake, mtoto mdogo mapajani akitafuna kalamu.

"Umeandika sita," Mama Pasi alisema kabla hata ya kukaribishwa.

Binti akatabasamu. "Basi nimeumbuka, mama, nilitaka kukustukiza! Tunakwenda wote. Shule zimefungwa, na baba watoto amepata ruhusa. Ungekaa huko peke yako kama mkiwa?"

"Na sufuria kubwa?"

Binti akainamia madaftari. "Si unajua watoto wanavyokipenda chakula chako."

Hakuwa na roho mbaya, binti yule. Alikuwa amechoka, macho yamemwingia ndani, mabega yamemshuka. Mama Pasi aliyaona yote hayo na moyo wake ukaanza kulainika, na kulainika huko ndiko kulikomtia hofu, kwa sababu alikujua vizuri. Ndiko kulikomlia likizo zake zote: ya uzazi wa kwanza, ya uzazi wa pili, ya tetekuwanga ya watoto, ya kuhama nyumba. Kila mwaka alilainika, na kila mwaka akarudi kazini amechoka kuliko alivyotoka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mzigo wake waliuona mwepesi hivyo miaka yote. Akapiga moyo konde.

"Lakini ungefanya nini huko siku tano, mama?"

"Nisingefanya kitu. Ndicho ninachokifuata."

"Huo ni ubinafsi."

Neno lilimchoma kuliko pini. "Sawa," akasema. "Ni ubinafsi. Nimechelewa kuuanza, nivumilie." Akaiweka simu juu ya madaftari. "Aliyeandika sita ni wewe. Futa wewe."

"Na watoto nitawaacha na nani nikiwa na mitihani ya kusahihisha?"

"Swali hilo mimi nililijibu peke yangu, mwanangu, na huku nafua. Hakuna aliyenisikia nikiliuliza."

Alilisema kwa hasira, si kwa kujisifu, na machozi yakamtoka. Hakuyafuta. Mjukuu akaacha kutafuna kalamu akamtazama bibi yake.

Binti akaichukua simu. Akafuta sita, akaandika moja. Programu ikamuuliza kama ana uhakika. Akainua macho, akamtazama mama yake aliyesimama mbele yake na gauni jeupe lisilokwisha kushonwa, akamtazama kwa kitambo, kisha akabonyeza ndiyo.

Mtaani mtu alikuwa akipigilia misumari.

"Ukirudi utanieleza kukoje?" binti akauliza, sauti imemshuka.

"Sikuelezi. Utakwenda ujionee."

"Mimi? Nitakwenda na nani?"

"Na wewe mwenyewe. Chagua tarehe, watoto utaniachia mimi," Mama Pasi akasema, akaichukua simu yake. "Ila si wiki yangu."