Harusi ya Ludovick ndani ya barua ya mashamba

Saa mbili asubuhi, umeme umerudi Dodoma. Katika duka lake la kuchapa barua, Dorkasi Ndahani anafuta vumbi kwenye kompyuta, anavua viatu, anakaa. Kabla ya kuchapa chochote anafungua sifa za faili, mahali mashine inapoficha kichwa cha kwanza cha barua na jina la mwandishi. Akikuta jina la mteja, analifuta. Lake analiacha.

"Humu mteja hana jina," anasema. "Mwenye jina ni mimi."

Somo hilo lilimuunguza. Mwaka jana wakulima wa Ihumwa walimletea malalamiko: mashamba yao yamepimwa viwanja bila wao kuulizwa. Waliogopa kutia majina. Dorkasi, kama wachapaji wengi mjini, hakuanza ukurasa mpya. Alifungua barua ya zamani iliyopangwa vizuri, akafuta maneno yake, akaandika juu yake. Wakulima wakaipeleka ofisi ya ardhi, karatasi pamoja na disketi.

Huko mtu akachungulia sifa za faili. Kichwa kilichofichika kikasomeka: "Mchango wa Harusi ya Ludovick."

Ludovick alikuwa karani wa ofisi hiyohiyo. Barua ya zamani ambayo Dorkasi aliifuta maneno ilikuwa yake, ya kuomba michango. Wakubwa wakadhani ndiye aliyewaandikia wakulima, akasimamishwa kazi kwa kuwasaliti.

"Mkewe, Cecilia, alinijia na tumbo lake la miezi minane," Dorkasi anakumbuka. "Akasema, 'Dada, harusi yangu imemfukuzisha mume wangu kazi!' Nikafunga duka, nikaenda."

Mkuu wa ofisi alimpokea kwa kejeli. "Binti, wewe mpiga chapa tu. Taja waliokutuma, urudi zako ukachape kadi."

"Shikamoo mzee," Dorkasi alijibu. "Barua nimechapa mimi. Harusi ya watu nimeisahau humo mimi. Wenye maneno sikutajii, hata ukinifunga."

Akaweka mezani disketi yenye nakala ya barua ya mchango aliyomchapia Ludovick. Walipoifungua, kichwa kilikuwa kilekile. Ludovick akarudishwa kazini. Dorkasi akanyimwa kazi zote za ofisi ile, karibu nusu ya kipato chake.

"Wanadhani nitakwenda kupiga magoti? Thubutu!"

Sasa anatafuta kompyuta ya pili, awafundishe mabinti wa Ihumwa kuchapa, na kufuta. Mashamba bado yanagombaniwa. Juzi wakulima wameleta barua nyingine.

"Wakubwa walitaka jina," anasema, vidole vikiwa tayari juu ya herufi. "Nimewawekea langu, kila faili. Walifungue, waje. Duka wanalijua."