Karafuu Zilizongoja Wakaguzi

Nilitoka Tunduma na begi moja. Basi lilichukua siku mbili kufika Dar es Salaam, kwa sababu liliharibika Makambako na fundi alikuwa msibani. Kisha boti hadi Unguja, na kesho yake meli ya kwenda Mkoani, bandari ya Pemba, iliyojaa magunia ya unga na watu wanaotapika. Nilikuwa na miaka arubaini na moja. Nilishafanya kazi Mererani, Kahama na mpakani, na kila nilipofika nilianza kukumbuka nilikotoka. Pemba niliikumbuka kuliko kote, ingawa utotoni nilikaa miaka mitatu tu, Vitongoji, kwa kaka yake mama.

Tuliitana mjomba, yeye mimi na mimi yeye.

"Umerudi na nini, mjomba?"

"Begi."

"Alhamdulillahi. Safari ile uliondoka na mfuko wa rambo."

Mwaka ule alikuwa anajiandaa kwenda Hija. Pasi ya kusafiria alishaipata, ameifunga kwa nailoni ndani ya sanduku. Zilibaki karafuu za msimu huo tu, ndizo zilipe safari. Mikarafuu yake haikuwa Vitongoji, ambako ardhi ni ya mawe, bali magharibi ya mji wa Chake, na ilikuwa imezaa vizuri mno. Mikarafuu ikizaa hivyo hupumzika miaka kadhaa.

Huo pia ulikuwa mwaka wa kila kitu kupanda bei. Redio ilisema dola zimeadimika. Ndipo wakaja watu wa Mfuko. Hawakuwa na jina jingine. Walipanga chumba cha ghorofani Madungu, mjini Chake, wakaweka meza na kiyoyozi, bila kibao mlangoni. Walisema wana fedha za kulipa madeni yote ya nchi na nyingine zikabaki. Zilitoka wapi? Wengine walisema Uarabuni, wengine Ulaya. Wenyewe walisema tu kwamba wafadhili hawapendi kutajwa.

Niliomba kazi, nikapata. Mkubwa wao, bwana mpole aliyevaa suti hata kwenye jua la mchana, alipenda mwandiko wangu. Nilijaza fomu za wenye mashamba. Sharti lilikuwa moja: karafuu zisichumwe mpaka wakaguzi waje kuziona mtini, kwa kuwa ndizo dhamana ya nchi. Baadaye Mfuko ungezinunua zote, kwa bei ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Nilipomuuliza bwana yule wakaguzi wanakuja lini, alisema, "Wako njiani," akaendelea kutazama simu yake.

Alasiri moja mjomba alinipeleka shambani. Karafuu zilikuwa zimeshaanza kuwa nyekundu. Karafuu ikifika hapo huchumwa siku hizo hizo. Ikifunguka ua, huwa mpeta, na mpeta hauna bei.

"Weye ndo unokaa nao," alisema. "Nichume, nisichume?"

Ningeweza kumwambia sijui. Lakini tangu nifike, hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza jambo kubwa.

"Subiri Ijumaa," nikasema.

Ijumaa tuliitwa uwanja wa Gombani kuwapokea wakaguzi. Tulikaa baada ya sala hadi alasiri. Hakuja mtu. Jumamosi nilikuta chumba cha Madungu kimefungwa, na mwenye nyumba anawatafuta kama mimi.

Mjomba alitafuta wachumaji, lakini wote walishachukuliwa na wale wachache waliokataa fomu. Alipowapata, nusu ya shamba ilikuwa mpeta.

"Fomu zimeandikwa vizuri," mkewe aliniambia huku akitenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake. "Ila karafuu zenyewe hazikusoma."

Mjomba aliendelea kunituma dukani na kunigawia chai. Wenzake walipoondoka kwenda Makka, aliwasindikiza hadi uwanja wa ndege, akarudi kwa miguu.

Niliondoka msimu uliofuata. Miti ilikuwa imezaa kidogo, hivyo mjomba alichuma mwenyewe, ingawa magoti yalikuwa yanamuuma. Nilimkuta juu ya mkarafuu, simuoni ila miguu.

"Mjomba, nakwenda."

"Wendapi?"

"Bara."

"Utarudi?"

"Sidhani."

Tawi lilitikisika. "Ushakula?"

"Nishakula."

"Haya. Salama."

Karafuu chache zilianguka. Niliziokota moja moja, nikazitia kwenye pakacha lake, kisha nikaenda kutafuta gari la Mkoani.