Pampu ya Masanja

Ile siku walipofungua pampu ya maji kijijini kwetu, upande wa Mwanhuzi, hunirudia kila nikienda kwenye bomba jipya la zahanati ulilojenga wewe, mwanangu. Ngazi ndefu, koki ngumu, naifungua kwa mikono miwili huku nahema. Kaa hapo nikuambie. Na hiyo simu iweke chini.

Nilikuwa msichana. Kiangazi tulichimba mashimo kwenye mchanga wa mto uliokauka, tukachota kwa kata. Dada yangu Minza alikuwa na mkono mmoja tu wa kufanyia kazi. Wa kushoto uliungua motoni utotoni, ukajikunja. Lakini mtoni hakumsumbua mtu. Alichimba mwenyewe, akachota, akajitwisha ndoo kwa namna yake anayoijua, akaenda zake. Hata vikongwe wa jirani aliwachotea yeye.

Ikaja pampu. Viongozi wakataka ijaribiwe mbele ya watu, wakamwita nani? Masanja! Jitu lile lililokuwa likishika dume la ng'ombe pembe na kuliangusha. Akasukuma mpini mara chache, maji yakaruka, tukapiga vigelegele. Mpaka leo sielewi. Tangu lini Masanja akachota maji? Wachotaji tulikuwa sisi wasichana, na wajawazito, na mabibi, wala hakuna aliyetuambia tuushike mpini tuone. Tena siku hiyohiyo mwenyekiti akapiga marufuku kuchimba mtoni, eti maji yale ni machafu.

Mpini wenyewe ulikuwa mzito, na ukipanda juu, wafupi hawaufikii. Tuliuning'inia wawili wawili. Minza hakuuweza kabisa. Akawa anakaa pembeni na ndoo tupu, anangoja mwenye huruma. Kuna waliomchotea, na kuna waliojifanya hawamwoni. Dada yangu, aliyekuwa akichotea wengine! Nilikuwa nikimtazama pale nataka kulia kwa hasira.

Kiangazi kilichofuata aliinuka kwenye mkutano wa kijiji, akasema hawezi kuendelea hivyo. Mwenyekiti akamjibu kwa upole, "Mayu, mama yangu, usijali, tutakupangia mtoto wa kukuchotea."

"Sitaki mtoto," Minza akasema. "Mimi siumwi. Mtoni nilijichotea miaka yote na mkono ni huuhuu. Kibovu ni hiyo pampu yenu. Hebu njoo, mwenyekiti, weka mkono mmoja mgongoni, uchote."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akaenda, maana angekataaje mbele ya kijiji kizima? Akasukuma mpaka jasho likamtoka, na ndoo haikufika nusu. Kicheko kikaisha.

Kesho yake fundi wa plau akaunga kipande cha bomba la chuma kwenye mpini, ukawa mrefu na mwepesi. Sisi tukapanga mawe ya kusimamia wafupi. Kazi ya asubuhi moja! Asubuhi moja tu, mwanangu, na dada yangu alikuwa amekaa mwaka mzima akiomba maji kama ombaomba. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Minza alijaza ndoo yake, akaisogeza kando, akatugeukia. "Leteni na zenu," akasema.

Sasa na wewe umesoma ufundi, umejenga, ukajaribu koki kwa mkono wako wa kijana, ukaridhika. Umefanya yaleyale ya Masanja! Ukijenga kitu cha watu, usikipime kwa mwili wako. Kabla saruji haijakauka, mwite mwenye magongo, mwite mjamzito, mwite mtoto wa darasa la kwanza, niite na mimi na vidole vyangu hivi, tupande, tushike, tufungue. Tukishindwa, usitutafutie wa kutusaidia. Rekebisha kitu chako.

Kesho chukua vifaa uende zahanati. Mungu akubariki mikono, mwanangu, akupe na uzee mrefu. Na siku utakapofika bombani na magoti yamekwisha, ukute aliyelijenga alikufikiria.