Maji ya Kuku na Bogenvilia ya Mama

Mama alitoka Kivu ya Kusini na kijiti cha bogenvilia, amekifunga kwenye kipande cha kitenge kilicholowa. Sufuria aliziacha, kijiti akabeba. Kilishika hapa Juru, kwenye makazi ya wakimbizi, mbele ya mlango wetu, lakini mwaka wa pili ukapita bila ua. Mama alikuwa ameanza kuugua, na alitaka jambo moja: aione tena ile rangi ya zambarau kabla hajafa. Alilisema wazi.

Nikaenda mjini Mbarara kuuliza dawa ya mti. Karibu na kambi ya jeshi ya Makenke kuna mke wa mwanajeshi anayeuza maua, na maua yake yalichanua hadi nikaona wivu. Alikuwa anatumia maji ya mavi ya kuku. Anayaloweka kwenye pipa, anayachuja, anayafunika wiki kadhaa mpaka ukali uishe. Akanijazia dumu.

"Changanya kikombe moja na ndoo ya maji," akasema. "Mwezi moja, mara moja tu. Sawa, nyabo, dada yangu?"

Kikombe kimoja! Mimi nina mgonjwa nyumbani, yeye ananiambia mambo ya mwezi. Nikamwagia kila wiki, vikombe vitatu, vinne. Mti ukatoa majani kwa fujo, majirani wakawa wanapita wakisifu, nami nikavimba kichwa.

Mama, mkekani pale mlangoni, akautazama. "Unaikulisha mingi, mwanangu. Kule kwetu ilikuwa inaota mu mawe tu, hakuna mutu aliiangalia."

"Mama, niache nifanye kazi," nikamjibu. Nilimjibu vibaya, na wala sikugeuka.

Alikufa muda si mrefu, na alichokuwa anakitazama ni majani.

Siku za matanga sikugusa dumu wala ndoo. Jua likawaka, udongo ukapasuka, majani yakapukutika, nikasema na ufe. Kisha asubuhi moja nikafungua mlango, mti mzima ni zambarau.

"Mama amekutumia salamu!" wakashangilia wenzangu wa kanisani. Nilitamani kuwafukuza kwa jembe.

Nilirudi kwa yule muuza maua, nikamweleza. Alinitazama kwa huruma, nikaichukia huruma yake. "Hiyo ukiipa chakula sana inaleta majani tu," akasema. "Mimi nilikuambia kikombe moja."

Sasa kila siku napita chini ya ile rangi kwenda shambani. Mti haukutaka kitu kwangu ila niuache. Na mama alikuwa ameniambia, amekaa hatua mbili tu kutoka pale niliposimama na kikombe.