Uzito wa Makabati ya Daktari Pruitt

Nilimjua Daktari Lowell Pruitt siku aliponisimamisha mlangoni dakika arobaini ili amalize kuchagua rangi ya kompyuta ambayo bado haijaundwa. Mimi ni fundi mabomba. Nilianza na gari moja bovu hapa Tennessee, na nilikwenda maabara ya taifa kuomba kazi ya mabomba ya maji ya kupoozea kompyuta. Yeye ndiye aliyekuwa akipanga kompyuta kubwa mpya, ya kurithi ile inayonguruma ghorofa ya pili. Alishapanga mbili, zote zikafia kwenye makaratasi. Hii ya tatu ikimshinda, ananyang'anywa mradi. Hata mpishi wa kantini alilijua hilo.

Nikatazama mchoro wake: makabati mia moja ya kubeba mitambo ya kompyuta, kila moja tani tatu, juu ya sakafu ileile ya zamani.

"Daktari, uzito huu umeutoa wapi?"

"Kwa watengenezaji. Si umeandikwa?"

"Huo ni wa kabati tupu. Likijaa maji je?"

Akanitazama kama aliyekuta kiatu juu ya meza ya chakula. "Harlan, ndugu yangu, hapa tunazungumzia hesabu bilioni mara bilioni kila sekunde. Wewe hesabu mabomba."

"Maji yana uzito, Daktari. Hata ya wasomi."

"Punguza bei. Maneno weka akiba."

Sikubishana. Mtu akikataa bidhaa ya bure, mpe risiti. Nikamwandikia barua yenye tarehe na swali hilo moja. Akaisukumiza nyuma ya faili. Miezi minne akazunguka na picha zake ukutani, akijisifia kasi, akigombania jina la mashine. Kushuka ghorofa ya chini kutazama nguzo zinazobeba sakafu, hata siku moja.

Wakaguzi wakaja, nami nikaitwa kikaoni. Mmoja, mhandisi Odette Krantz, akauliza, "Makabati haya yamepimwa na maji yake?"

"Hilo ni suala la mafundi, mama," Pruitt akasema.

"Fundi alishauliza, tangu Machi." Akachomoa barua yangu kutoka ndani ya faili la Pruitt mwenyewe. "Ulimjibu nini?"

Pruitt akafunga kompyuta yake ya mkononi, taratibu, kana kwamba kikao kimekwisha.

Makabati yakapimwa na maji yake, ikaonekana sakafu haitayabeba bila nguzo zaidi. Mradi ulipita, yeye hakupita nao. Nguzo za kuongeza nilipewa mimi, na mabomba pia, bila kupunguza bei. Lakini nguzo zilikula mwaka mzima, na mabomba niliyokwisha kuyanunua yakalala uani kwangu yakila vumbi. Hasara hiyo sikulipwa. Pruitt siku hizi anaitwa mshauri: ana meza, ana cheo, mashine hana.