Chenga za Mkate za Pakiti

Sijawahi kukidharau kitu cha dukani kama ninavyozidharau chenga za mkate za pakiti. Sabuni ya dukani naielewa. Kiberiti nakielewa, kwa sababu siwezi kutengeneza kiberiti. Lakini mtu mzima, mwenye akili zake, anaupita mkate wa jana mezani, mkate ambao umeshaanza kukauka wenyewe bila kuombwa, anatoka nje, anapanda bodaboda, anakwenda kununua mkate wa mtu mwingine uliokauka zamani huko asikokujua na kusagwa na mtu asiyemjua. Halafu anarudi nao kifua mbele.

Duka lenyewe lipo hapa Mpanda mjini na linaitwa supamaketi kwa sababu lina vikapu vya plastiki mlangoni. Chenga zimepangwa rafu ya nyuma, jirani na chakula cha paka. Simjui paka hata mmoja wa Mpanda aliyewahi kununuliwa chakula, kwa hiyo mtu akishafika rafu hiyo nadhani ameshaamua kupoteza fahamu. Niliwahi kufungua pakiti moja, nisije nikaambiwa nasema nisilolijua. Zilinuka kabati. Rangi yake ilikuwa ya machungwa, rangi ambayo mkate haujawahi kuwa nayo tangu uumbwe.

Mama yangu anaishi Katumba, na chenga za mkate anazitengeneza mwenyewe tangu alipokuwa msichana akipika kwa masista. Anakata mkate vipande vyembamba, anavipanga kwenye ungo, anauweka ungo juu ya paa la jiko na kuufunika kwa kipande cha chandarua kikuukuu ili nzi wasitue. Hafanyi kazi hiyo majirani wanapokausha tumbaku, kwa sababu mkate hushika moshi wa bani, lile banda la kukaushia tumbaku, na kuna mwaka wageni wa kipaimara walikula katlesi zenye harufu ya sigara. Vipande vikilia kama vijiti, anavitwanga kwenye kinu kidogo cha mninga ambacho hakijawahi kuguswa na sombe. Ole wake atakayetwangia majani ya muhogo humo. Akimaliza kutwanga anachekecha, kinachobaki juu anakirudisha kinuni, na anarudia hivyo mpaka bega linakataa.

Kazi yote hiyo ni kwa ajili ya katlesi, yale madonge ya viazi na nyama yanayochovywa kwenye yai, yakaviringishwa kwenye chenga na kukaangwa. Hakuna harusi ya mtaa ule iliyopita bila katlesi za mama. Watu wamezaana kwa katlesi zile.

Sasa kiangazi kilichopita ikafika sendofu ya mdogo wangu, kitinda mimba wetu, binti wa mwisho wa mama kuagwa nyumbani. Mwenyekiti wa chakula kwenye kamati akawa wifi yangu, mke wa kaka. Huyu wifi amezaliwa Katumba hukohuko, nyuma ya bani la tumbaku la baba yake, lakini aliwahi kukaa Dar kidogo na amerudi nayo yote. Siku hizi hawezi kusema “jiko” bila kusema “la gesi”.

“Katlesi tutatumia za pakiti,” alisema kwenye kikao, sebuleni kwa mama. “Wakwe wanatoka mjini. Wakute mikate imeanikwa juu ya bati kama mihogo? Nyie hamuoni aibu?”

“Aibu ya nini?” nikamwuliza. “Mkate wa pakiti ulianikwa wapi, mbinguni?”

“Wifi, mambo yamebadilika.”

“Hayajabadilika. Umebadilika wewe, tena kidogo tu, kucha na nywele.”

Kaka akakohoa. Wajumbe wakaangalia sakafu. Mama alikuwa amekaa pembeni anachambua maharage. Nilimwangalia akichambua na roho ikaniuma. Niliona wanamwondoa jikoni kwake siku ya binti yake wa mwisho, mbele ya macho yake, na yeye kwa upole wake anameza. Nikaapa moyoni kwamba pakiti zile hazitafika kwenye mafuta. Nikarudi Mpanda, nikanunua mikate, nikaikata na kuianika uani kwangu juma zima, kwa kiburi kitupu, bila kumwambia mtu. Ijumaa nilikwenda Katumba na mfuko wa vipande vikavu, nikauficha chini ya kitanda nilicholalia.

Jumamosi asubuhi Mungu alinisikiliza kuliko nilivyostahili. Mama mdogo wetu, yule aliyeolewa Kibaoni, alikuwa amewahi kuamka ili awapikie uji wazee waliolala pale. Akaingia stoo, akakuta pakiti zimepangwa vizuri, zina picha ya suke la ngano, na maandishi ambayo hata wifi na Dar yake hawezi kuyasoma. Mama mdogo amezoea unga wa lishe wa wajukuu, ambao nao huja kwenye pakiti zenye picha. Akachemsha maji na kumimina. Uji ukakataa kushikana, akaongeza pakiti nyingine. Ukakataa tena, akaongeza. Zikaisha zote.

Wazee walikunywa. Mmoja alisema uji huu una chumvi, mwingine akasema ndiyo uji wa kisasa, wakaomba sukari na kumaliza. Wifi alipoingia jikoni akakuta pakiti tupu zimekunjwa vizuri kwenye ndoo, maana mama mdogo ni mtu msafi. Alikaa chini kwenye kigoda na kanga yake mpya, mdomo wazi. Sikumbuki siku nyingine niliyofurahi kiasi kile. Nilimwacha akae hivyo hivyo na furaha yangu ikanipeleka moja kwa moja chumbani kwa mama, nimwambie avue kilemba atoke, jiko limerudi mikononi mwake.

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono ameinyoosha mbele, vidole vimeachana. Binti wa jirani alikuwa anamalizia kumpaka rangi ya kucha. Nyekundu. Sijawahi kumwona mama na rangi ya kucha. Nilimjua na vidole vyenye viazi, vyenye mafuta, vyenye alama za kuungua, na kiganja cha kulia kigumu kwa ajili ya mchi.

“Usiniguse, hazijakauka,” alisema. Alikuwa anacheka. “Mwana wanje, mwanangu, njoo uone. Zimenipendeza?”

“Zimekupendeza, mama.”

“Wifi yako usimgombeze tena. Pakiti nilimwomba mimi.”

Nikasimama pale mlangoni.

“Nilimwambia aseme ni yeye, maana wewe ningekwambia ungepiga kelele,” mama aliendelea, bado anaziangalia kucha. “Dada zako wote nimewaaga nikiwa jikoni. Wanaingia na kwaya, mimi nageuza katlesi. Wanalia, mimi nachungulia dirishani na mwiko. Huyu wa mwisho nataka nikae meza kuu kama mama wa watu. Nile kitu ambacho mkono wangu haujakigusa. Siku moja tu.”

“Na kutwanga?” niliuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri. “Si ulikuwa unapenda kutwanga?”

“Nani anapenda kutwanga?” alisema mama.

Nilitoka bila kumwambia habari ya uji. Hasira zilinibana, na sikujua nimkasirikie nani, maana miaka yote hiyo nilikuwa nimezidharau pakiti kwa niaba yake bila kumwuliza. Nikavuta mfuko wangu chini ya kitanda, nikachukua kinu cha mninga, nikamkuta wifi bado amekaa kwenye kigoda.

“Beba chekecheo,” nikamwambia.

“Wifi, nisamehe, mimi...”

“Beba chekecheo. Na mama akikuuliza, chenga ni za dukani.”

Tulikwenda nyuma ya bani la jirani, kwa sababu mama anaijua sauti ya kinu chake. Nikatwanga na kanga ya sherehe kiunoni. Wifi akachekecha, rangi ya kucha zake ikipotea kwenye vumbi la mkate. Kilichobaki juu alinirudishia kinuni bila kuambiwa, na hapo nikakumbuka kwamba na yeye amekulia kwenye mtaa huuhuu. Bega langu lilikataa mapema sana. Nikaendelea. Nilikuwa nimetwanga robo tu ya kazi na tayari nilijua kwamba mama alikuwa amesema kweli, hakuna anayependa.

Jioni mama aliingia ukumbini na kwaya. Alikaa meza kuu, gauni la kitenge, kilemba kimesimama, mikono juu ya kitambaa cheupe mahali ambapo kila mtu angeiona. Alilia kwa nafasi yake, bila mwiko. Sahani zikapita. Nilimwona anachukua katlesi, anaiuma taratibu, anatafuna akiwa amefumba macho, halafu ananiita kwa kidole kimoja chekundu.

Nikainama karibu naye. Bega lilikuwa linawaka moto na viganja vimetoka malengelenge, nikavificha nyuma.

“Unaona?” alininong’oneza. “Za dukani ni laini. Hazikwaruzi mdomo. Mimi miaka yote nilikuwa nawakwaruza watu na wananivumilia.”

Ng’ambo ya ukumbi wifi alikuwa ameganda na sahani mkononi, ananiangalia mdomoni. Alijua anachokiangalia. Kwenye ulimi wangu palikuwa na maneno ya kutosha kuliangusha lile duka na vikapu vyake, rafu ya paka na yote.

“Kweli, mama,” nikasema. “Za dukani ni laini.”

“Basi ukirudi Mpanda ninunulie nyingine,” alisema, akachukua katlesi ya pili kwa ncha za vidole, asiharibu kucha.