Siku Niliyowasingizia Mbuzi

Nakumbuka vizuri asubuhi ile, mwanangu, kwa sababu chaki ilianza kutembea peke yake. Kilikuwa kipande kidogo juu ya meza ya Mwalimu Mutwiri, na mimi nilikuwa nakikazia macho ili nisiangalie ubao, maana ubaoni kulikuwa na hesabu za sehemu. Kikatembea, kikatembea, kikaanguka. Halafu mabati yakaanza kupiga kelele kama watu wanayamwagia mawe, sakafu ikatusukuma miguu, na Mwalimu akapaza sauti ambayo hatukujua anayo.

"Nje! Wote nje! Wacheni vitabu!"

Nakuita mwanangu, wewe unayesoma haya, ingawa mimi mwenyewe sijafika hata miaka thelathini. Watoto wa chekechea ninaowafundisha herufi hapa upande wa Kinna wananiita mama, na nimezoea. Shule yangu iliishia kidato cha pili, kwa hivyo usitafute maneno makubwa hapa. Nina jambo moja tu la kukuambia, na nataka ulipate kutoka kwangu mimi niliyelikosea.

Lile tetemeko liliisha upesi, hata watoto wa darasa la kwanza walikuwa hawajajua kama ni la kulia au la kucheka. Mwalimu Mutwiri, mtu wa Meru, mrefu, mpole, alituhesabu mara tatu pale uwanjani. Hakuna aliyeumia. Lakini ukuta wa darasa letu ulikuwa umepasuka kutoka dirishani mpaka chini, na ule ufa ulimeza vidole vyangu vinne.

"Mwalimu, hiyo ilikuwa nini?" mmoja akauliza.

"Ni dunia imejinyoosha mgongo. Hata wewe ukikaa sana kwa hesabu si unajinyoosha?"

Tukacheka, na tukarudishwa nyumbani.

Sasa nikueleze jinsi mambo yalivyokuwa. Sisi wa darasa la nane tulikuwa watu sita, na wasichana ni wawili tu, mimi na Darmi. Tulianza wengi. Kila ukame ulikuja ukabeba wengine, kwa sababu nyasi zikiisha familia inahama na mtoto anahama nayo, na akirudi anapata wenzake wako mbele, anaona haya, anabaki na mifugo. Mimi na Darmi tulikuwa tumefika, na mtihani wa mwisho ulikuwa umebakiza wiki tatu.

Darmi alitaka kuwa muuguzi. Si kutaka kwa mdomo tu. Alikuwa akiwafunga bandeji wana wa mbuzi wazima wasio na kidonda, akiwauliza wanasikia uchungu wapi. Mimi nilikuwa na ndoto nyingi, kila siku mpya, lakini hesabu zilinishinda. Katika mtihani wa majaribio nilikuwa wa mwisho, na majina yalisomwa mbele ya shule yote. Tangu siku hiyo niliuogopa ule mtihani. Sikumwambia mtu.

Kwa hivyo ukuta ulipopasuka, mwanangu, kitu kidogo ndani yangu kilifurahi. Naandika hivi na bado naona aibu.

Jioni hiyo wazee waliketi kando ya zizi letu. Wengi walisema tetemeko limepita kila mahali, basi fundi aitwe, ukuta utazamwe, watoto warudi. Lakini Mzee Guyo, babake Darmi, hakuwa mtu wa haraka.

"Kwanza tungoje mbuzi," alisema. "Kesho wakipita hapo shule, tutajua."

Kama ulizaliwa mjini pengine utacheka. Kwetu, kabla familia haijalala mahali pageni, mbuzi wanatangulizwa. Wakiingia na kuanza kula, tunashusha mizigo. Wakisimama wakakataa, tunapanga mizigo upya hata kama jua limezama. Akko, bibi yangu, alikuwa akisimulia jinsi mbuzi, yeye akiwa msichana, walivyokataa kingo za lagha moja, mto mkavu unaojaa mvua ikinyesha, na siku iliyofuata maji yakaja na kupita palepale ambapo wangekuwa wamelala. Ndiyo maana jambo la mbuzi halina ubishi. Hata watoto hawalifanyii mchezo.

Jumanne asubuhi mimi ndiye niliyepeleka mbuzi kisimani, na njia inapitia uwanja wa shule. Waliingia bila shida yoyote. Waliingia kwa furaha, kusema kweli, na yule beberu mweusi akamaliza sukuma wiki ya Mwalimu Mutwiri nikimkimbiza huku na huku.

Niliporudi, Mzee Guyo alikuwa ananingojea, fimbo mabegani.

"Haya, Talaso. Mbuzi walisemaje?"

Sikuwa nimepanga. Neno lilitoka tu.

"Walikataa, baba. Walisimama kwa geti wakarudi nyuma."

Hakuniuliza mara ya pili, mwanangu. Ingekuwa afadhali angeniuliza. Alitikisa kichwa, akamshukuru Mungu, akaenda kuwaambia wengine.

Jumatano darasa lilikuwa tupu. Mwalimu Mutwiri alipita boma hadi boma kwa pikipiki yake, akisalimia, "Habari za hapa, jamani," na watu wakampa chai na kiti, lakini mtoto hakuna. Alimwambia babangu atafundisha nje, juani, mpaka ukuta utengenezwe. Babangu akamjibu kwa heshima kwamba mbuzi hawakukataa ukuta, walikataa mahali. Mwalimu akaniangalia mimi. Nikajifanya napanga jerikeni.

Siku mbili nilikuwa mtu wa raha. Hakuna sehemu, hakuna mtihani. Alhamisi asubuhi Darmi akaja, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Naenda fora," alisema.

Fora ni kule mbali ambako ngamia wanapelekwa kutafuta malisho. Ukienda leo, unarudi mvua ikinyesha.

"Lini?"

"Jumamosi, na mjomba. Baba anasema shule ikiwa imeisha, mikono yangu isikae bure."

"Na mtihani?"

"Mtihani gani, Talaso? Wataletewa ngamia waufanye?" Alijaribu kucheka akashindwa. Akachora chini kwa kidole cha mguu. Kisha akasema polepole, bila ubaya wowote, kama mtu anayeomba, "Wale mbuzi wenu wangeingia tu. Hata mmoja. Hata mguu mmoja wangeweka ndani."

Nimeshapigwa na mwalimu, nimeng'atwa na nge, nimezaa. Hakuna kilichoniuma kama mguu ule mmoja wa mbuzi.

Nilimkuta Akko anafukiza kibuyu cha maziwa, makaa yanalia ndani na moshi unamzunguka. Nikaketi karibu, nikasema yote kwa pumzi moja, pamoja na hesabu na sukuma wiki. Nilingoja kofi. Akko akaendelea kuzungusha kibuyu mpaka moshi ukaisha.

"Ulikuwa unaogopa mtihani," akasema.

"Ndiyo, Akko."

"Sasa si ungesema unaogopa? Mimi nimeogopa vitu vingi. Nilimwogopa hata babu yako, siku ya kwanza, na masikio yake yale." Akafunika kibuyu. Hapo sauti yake ikabadilika. "Umechukua uongo wako ukauweka kwa mdomo wa mnyama ambaye hawezi kujitetea. Siku mbuzi watakataa kweli, na watu waseme, ah, ni kama ule mchezo wa Talaso, wakalala hapo na watoto wao, utakuwa wapi?"

Nikalia. Akaniacha nilie kidogo tu.

"Amka. Wanaume wako kisimani. Kabla ya hao ngamia kufungwa mizigo."

Ile njia ya kisimani si ndefu, lakini siku hiyo ilikataa kuisha. Akko alitembea mbele na hakunishika mkono. Tulipofika alitoa salamu, wakaitikia, akanisukuma katikati. Nikasema. Nilisema nikiangalia viatu vya Mzee Guyo, ndala za tairi, moja imeshonwa kwa waya.

Mzee Guyo akalipuka.

"Msichana huyu! Amenifanya niseme Alhamdulillahi juu ya uongo! Mimi mzima, na ndevu zangu, nimezunguka boma zote kama mtangazaji wa redio!"

Mtu mmoja akacheka, wengine wakafuata, na hata yeye mdomo ukamcheza kidogo. Nikafikiri yameisha. Hayakuwa yameisha. Alinyoosha fimbo kuelekea shule.

"Sawa. Mbuzi waliingia. Lakini ukuta umepasuka ama haujapasuka?"

"Umepasuka," babangu akajibu.

"Basi siwezi kumrudisha binti yangu chini yake. Ngamia wataondoka Jumamosi. Na juani hawezi kukaa wiki tatu, tutamzika kwa joto kabla ya huo mtihani."

Na alikuwa na haki, mwanangu. Nilikuwa nimefikiri nikisema kweli kila kitu kitarudi mahali pake, na ufa uko palepale, unameza vidole vinne.

Ni Akko aliyesema, akiwa tayari amegeuka kama mtu anayeondoka.

"Siku ile ardhi ilitingishika, ni nani hapa aliangukiwa na nyumba?"

Wakatazamana. Hakuna. Nyumba zetu ni fito zilizopindwa na mikeka juu, unazifungua unazipakia kwa ngamia. Zilicheza tu siku ile, zikatulia.

"Basi shule itakuwa nyumba ya mikeka."

"Nani atajenga?" mmoja akauliza.

"Si wewe," Akko akamjibu. "Tangu lini mwanamume akajua kujenga nyumba? Nyinyi chungeni ngamia, na mkae mbali."

Kwetu nyumba ni kazi ya wanawake, na bibi harusi anajengewa yake na mama na shangazi kwa siku moja. Ijumaa asubuhi walikuja hivyohivyo, kama harusini, kila mmoja na fito zake na mkeka wake, wakiimba na kutaniana. Mama yake Darmi alileta mkeka aliokuwa amemwekea binti yake kwa ajili ya kuolewa. Alipoulizwa akasema, "Auanzie hapa." Mimi nilipewa kazi ya kuchimba mashimo, na nilichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge bila kusema neno. Wanaume walipotoka msikitini walikuta darasa limesimama, kubwa, jeusi, mbali na ukuta. Mwalimu Mutwiri aliingia akainama, akajaribu kusimama wima, kichwa kikagonga fito.

"Nitafundisha nikiwa nimepiga magoti," akasema. "Hata hesabu itaonekana ni sala."

Mzee Guyo hakuingia. Alienda zizini kwetu mwenyewe, akafungulia mbuzi, akawaleta polepole huku kijiji chote kikiangalia. Hakunipa hata nafasi ya kuwasogelea. Nilishika mkono wa Darmi. Beberu mweusi akasimama mlangoni, akanusa. Nakuambia sijawahi kumwomba Mungu hivyo juu ya mbuzi. Kisha akaingia, akaanza kutafuna ukingo wa mkeka, na wengine wote wakamfuata ndani wakisukumana.

"Basi," Mzee Guyo alisema. "Mjomba atatafuta mtu mwingine wa ngamia."

Darmi alikaa chini palepale kwenye vumbi, kama mtu aliyebeba maji safari ndefu na sasa ametua.

Tulisoma humo mpaka mtihani ulipofika. Siku moja ardhi ikatingishika tena, kidogo. Fito zikalia, mikeka ikapigapiga, ubao ukateleza. Ikatulia. Mwalimu Mutwiri akainua ubao, akapangusa vumbi kwa mkono wa shati. "Tulikuwa swali la nne," akasema, na tukacheka mpaka machozi. Mtihani tuliufanyia shule nyingine yenye kuta nzima, na lori la mfugaji mmoja aliyekuwa anapeleka mbuzi soko la Isiolo likatupitisha. Darmi alipita vizuri. Leo ni muuguzi, na wanaokuja kwake wana vidonda vya kweli. Mimi hesabu zilinipiga nilivyotarajia, lakini sikufa. Niliingia kidato cha kwanza, nikaendelea kidogo, na nilipofikia palinitosha kuwashika mikono watoto wengine.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukiogopa, sema unaogopa. Mwambie mama, bibi, mwalimu, yeyote mwenye masikio. Hofu ikisemwa watu wanaweza kuisaidia, lakini ukiivisha nguo ya kitu kingine, watu watapigana na hiyo nguo na mwenzako ndiye ataumia. Usiharibu jambo ambalo watu wako wanaliamini kuokoa maisha yao. Ukishakosea, nenda useme mbele ya walewale uliowadanganya, mapema, kabla safari ya mtu haijaanza. Na ukisema kweli na bado ukuta uko na ufa, usiondoke. Kaa hapo uchimbe mashimo pamoja na wanaotafuta njia nyingine. Hapa kwetu vitu vya kumtoa mtoto darasani ni vingi, ukame, umbali, ardhi yenyewe inayotingishika. Wewe usiwe kimojawapo, si kwako wala kwa mwenzako.

Mungu akuweke salama kila unapokaa na kitabu. Akupe watu wanaokugombeza kwa upendo, rafiki asiyekuwekea kinyongo, na mvua inayokuja kwa wakati wake. Ulimi wako uwe mwepesi kwa kweli, na amani iingie nyumbani kwenu kabla yako. Amin.